Shemeji Ngozi na Gari Lake la Kompyuta Kumi na Moja

Shemeji yangu ana gari dogo la kifahari, lile la mlango wa nyuma unaonyanyuka juu, na lina viti vya ngozi. Najua lina viti vya ngozi kwa sababu sijawahi kukaa naye dakika tano bila kuambiwa. Ukimsalimia, ngozi. Ukimuuliza habari za watoto, ngozi. Ukimpa pole ya msiba, atakushukuru, kisha atakuambia jinsi alivyosafiri vizuri kwenda mazishini kwa sababu ya ile ngozi. Gereji nzima tunamwita Ngozi, na siku hizi hata mdogo wangu aliyeolewa naye humwita hivyo akikasirika.

Ni karani wa masijala. Faili linaingia, analigonga muhuri, analipeleka dirisha la pili. Miaka kumi na saba anafanya hivyo, na sijasikia faili hata moja lililomshukuru. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu mpole asiyemaliza kazi kwa wakati. Ngozi alisoma kwa kutembea kwa miguu, akaanza kazi kwa baiskeli, kisha akapata pikipiki iliyomwangusha mara mbili palepale mbele ya ofisi yao. Mara ya pili ilikuwa siku ya mvua, na wakubwa wake walikuwa wamesimama barazani wakisubiri inyamaze. Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Nadhani hapo ndipo alipoapa.

Alijinyima miaka sita. Nalisema hili ili msije mkadai namwonea. Mtu aliyejinyima miaka sita ana haki ya kununua anachotaka. Hana haki ya kunifundisha kazi yangu.

Maana mimi ni fundi wa magari, mwaka wa ishirini na mbili sasa, malori zaidi, nyuma ya duka la mbao. Katika ukoo wetu mzima fundi ni mmoja. Na Ngozi alipokwenda kununua gari hakuniuliza hata kwa heshima ya kuniuliza. Alikuja nalo siku ya Jumapili likiwa limeng'arishwa, akapiga honi mbele ya nyumba ya mama. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja na lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu. Alikuwa amenunua uchovu wa watu wengine uliopakwa polishi. Wahenga walishasema maskini akipata matako hulia mbwata, na siku ile mbwata zilisikika mtaa wa tatu.

Kupanda gari hilo kuna masharti. Unavua viatu. Ndiyo, unavua viatu kama unaingia chumbani kwa mtu, vinatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko unafungwa na kuwekwa nyuma. Viti vyenyewe alikuwa amevifunika kwa nailoni, kwa hiyo ile ngozi iliyotuchosha masikio hakuna makalio yetu yaliyowahi kuigusa. Ofisini ufunguo unakaa mezani, kando ya muhuri, mahali ambapo mtu akileta faili hawezi kukosa kuuona.

Halafu kuna kundi. Wenye magari ya aina hiyo wana kundi lao kwenye simu, wanajiita Wamiliki Makini, na huko wanaulizana maswali kutwa. Ngozi alikuwa akinisomea kwa sauti, nadhani ili nielimike. Mmoja anauliza, ni kawaida gari kutetemeka asubuhi likiwa baridi? Wanamjibu, ni tabia yake. Mwingine anauliza, likikwama kwenye foleni giaboksi inashtuka kama mtu aliyeota ndoto mbaya, nifanye nini? Ni tabia yake, usilikaripie kwa mafuta mengi. Mwingine, taa ya njano ya injini imewaka wiki ya tatu, nina wasiwasi. Usiwe na wasiwasi, ni tabia yake, mimi yangu iliwaka mwaka mzima. Mwingine anamiminia injini mafuta ya bei rahisi, sasa inanguruma kwa mlio wa mashine ya kusaga, anauliza kama kuna dawa ya kuongeza. Anatajiwa dawa nne. Kiongozi wao wanamwita Profesa, na huyo Profesa kazi yake ni kuuza manukato.

Watu wazima hao. Wana wake, wana vyeo, wanaongoza vikao. Gari linawalilia kwa taa na kwa kelele na kwa moshi, na wao wanaambiana ni tabia yake. Niliwadharau kwa moyo wangu wote, na wa kwanza wao alikuwa shemeji yangu.

Siku moja alikuja nalo gereji. Nikadhani ameona mwanga. Kumbe hakuja kutengenezewa, alikuja kulionyesha. Akafungua boneti, vijana wangu wakakusanyika, na mimi nikanyoosha mkono nishike mpira mmoja pale karibu na rejeta, kuusikiliza tu kwa vidole kama tunavyofanya. Akanizuia. Akatoa karatasi laini mfukoni, akanipa.

"Samahani shemeji, mikono," akasema. "Hili si lori. Hili lina kompyuta kumi na moja."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja. Linataka mtu aliyesomea."

Vijana wangu wakaangalia chini. Mmoja akakohoa, na mimi namjua akikohoa hivyo anacheka. Niliifuta mikono yangu kwa karatasi ile, polepole, kidole kimoja kimoja, nikamrudishia karatasi. Nikajiapiza kwamba sitaligusa gari lile, wala sitasema neno juu yake, mpaka mwenyewe anipigie magoti. Kiapo hicho nilikishika mpaka siku nitakayowaeleza. Sina kiapo kingine maishani nilichokishika vizuri kama hicho.

Sasa mama.

Mama ana dada mmoja tu, mama yetu mkubwa, na walikuwa hawasemezani mwaka wa kumi na moja. Bibi alipofariki, mama mkubwa alifika msibani na begi kubwa tupu. Hakuna aliyejua la nini. Mama, kwa uchungu na kwa ulimi wake, akamuuliza mbele ya watu wote, "Umekuja kuzika au kurithi?" Mama mkubwa alizika, akaondoka na begi lake tupu vilevile, na toka siku hiyo kimya. Mama alijuta kabla hata udongo haujakauka. Lakini alisubiri dada yake aanze, kwa sababu ndiye mkubwa, na mkubwa naye alisubiri aombwe radhi, kwa sababu ndiye aliyetukanwa.

Mwaka huu tukasikia mama mkubwa anahamia ng'ambo kwa binti yake. Si kutembea, kuhamia. Nyumba amegawa, vyombo amegawa, hata simu yake amempa jirani. Ndege ni Jumamosi, saa kumi na nusu jioni. Umri wake ni miaka sabini na nane, na mtu wa umri huo akipanda ndege ya namna hiyo kila mtu anajua maana yake.

Mama akasema atakwenda kumwona kiwanja cha ndege. Atamwomba radhi uso kwa uso, kwa sababu radhi ya simu si radhi, na hatamtumia salamu kwanza, asije akaambiwa usije. Nikamwambia nitampeleka kwa pikapu yangu. Akaniangalia.

"Mwanangu, nikashuke mbele ya dada yangu kutoka kwenye pikapu inayonuka grisi? Baada ya miaka kumi na moja?" akasema. "Hapana. Mkwe wangu atanipeleka. Angalau nifike kama mtu."

Ngozi alifurahi kama aliyepewa cheo. Ijumaa alasiri akaja kwa mama kuliosha gari, ndoo tatu na sabuni ya povu, akimwonyesha jirani kila kitu. Akafungua boneti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nakunywa chai, hatua nne tu kutoka pale.

Nikaiona. Pale mpira wa rejeta unapoingia kwenye injini, klipu inayoubana ilikuwa imelegea, na chini yake kulikuwa na ukoko wa waridi uliokauka, kama chumvi. Ndiyo alama ya maji ya rejeta yanayovuja kidogo kidogo kwa siku nyingi. Tone moja lilikuwa linaning'inia. Fundi wa siku ya kwanza angeiona. Barabara ya kiwanja cha ndege ni mwendo wa saa tatu, nusu yake milima, na mpira ule ungefika mahali ungechoka. Nilijua hivyo jinsi ninavyojua jina langu.

Ngozi akaniona ninaangalia. "Shemeji, unatamani?" akasema, jirani akacheka.

"Gari zuri," nikasema. "Safari njema."

Nikamaliza chai yangu. Nilijiambia lina kompyuta kumi na moja, mojawapo itasema. Nilijiambia litawasha taa palepale mtaani, atarudi ameinama, na mama atapanda pikapu baada ya yote. Nilijiambia mengi. Kwa kweli nilikuwa naona raha.

Jumamosi wakaondoka saa mbili asubuhi, Ngozi na mdogo wangu mbele, mama nyuma juu ya nailoni, viatu vyake vya heshima vikiwa kwenye mfuko. Hadi saa sita kasoro nilikuwa chini ya lori. Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, anaongea kwa kunong'ona.

"Kaka, njoo. Tumekwama hapa mlima wa kwanza tangu saa tatu na nusu. Usimwambie nimekupigia."

"Tangu saa tatu na nusu? Mnafanya nini?"

"Anauliza kwenye kundi."

Nilifika saa moja na nusu baadaye. Niliyoyakuta pale sitayasahau. Ngozi amesimama peke yake kando ya barabara, simu ameinyanyua juu kutafuta mtandao. Mdogo wangu amekaa kwenye jiwe. Mama amekaa ndani ya gari, mlango wazi, miguu peku juu ya majani, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Taa nyekundu ya joto ilikuwa imewaka, wakasimama. Kundi likasema, zima, subiri dakika kumi, kompyuta ijipange. Akasubiri, akawasha, wakaenda kilomita moja, taa ikawaka tena. Dakika kumi nyingine. Profesa mwenyewe akashauri atoe waya wa betri na kuurudisha. Wakafanya hivyo mara saba. Mabasi yalipita, magari ya abiria yalipita, na kila mama alipotaka kusimamisha moja, mkwe wake alimwambia, "Mama, dakika kumi tu."

Sikumsalimia. Nilifungua boneti, na safari hii hakuna aliyenipa karatasi. Nilikata kipande cha mpira uliochoka, nikaurudisha, nikaufunga kwa klipu mpya niliyokuwa nayo kwenye kopo la misumari, nikajaza maji. Dakika kumi. Nikamwambia mama avae viatu.

Nilimpeleka mimi, kwenye pikapu, kwa mwendo ambao sijawahi kuuendesha na sitaki kuuendesha tena. Mama hakulalamikia grisi. Njia nzima alikuwa akinong'ona, na baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anapanga maneno. Anayaanza, anayafuta, anaanza upya. "Dada, nilikukosea." Anatikisa kichwa. "Dada, ulimi wangu ndio ulionena." Anatikisa kichwa tena.

Tulifika saa tisa kasoro robo. Mama mkubwa alikuwa ameingia ndani saa nane na nusu. Askari wa mlangoni alikuwa kijana mwenye adabu, akatuambia aliyepita pale hatoki, na asiye na tiketi haingii. Mama akamwomba amwite. Akasema haiwezekani, mama. Mama akamwomba tena kwa maneno yaleyale. Kisha akauliza kama anaweza angalau kusimama mahali ambapo dada yake akigeuka atamwona. Kijana akamwonyesha ukuta wa kioo. Tulisimama hapo mpaka ndege ikaondoka, na kwenye kioo kile hatukuona kitu zaidi ya sisi wenyewe.

Ngozi na mdogo wangu walitukuta hapohapo. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu. Njia nzima, mama akipanga yake, na mimi nilikuwa napanga yangu, matusi ya adabu ambayo yangemkaa huyo karani mpaka kustaafu kwake. Lakini hakuningoja. Alikuja moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya vigae, suruali yake ya pasi na yote.

"Mama, kosa ni langu peke yangu," akasema. "Nina shemeji fundi, nikaona aibu kumuuliza. Ningemwonyesha jana tu, yeye angeiona. Yeye huona. Mimi ndiye niliyemzuia."

Watu walitupita na masanduku yao. Mdogo wangu alikuwa analia. Mama aligeuka akanishika mkono, huu wa grisi, akasema, "Twende nyumbani, mwanangu."

Nikaenda. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na nilifungua mlango wa pikapu nikamsaidia mama kupanda.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Mama hampokei Ngozi. Akija na watoto, mama huwachukua watoto na kumwacha mlangoni. Anamwita yule mtu wa nailoni. Maneno ya dharau anayomtupia yote ni yangu, nayatambua moja baada ya jingine, maana nilimfundisha mwenyewe kila Jumapili kwa miaka miwili mezani pale. Mimi ananiita mwanaume wa nyumba. Hujambo na chai hunipa mimi kwanza.

Na Ngozi hakuliuza gari. Nailoni ameitoa, viatu havivuliwi tena, lakini hakuliuza. Wiki iliyopita alikuja gereji asubuhi, kwa miguu kutoka kwenye kona, gari ameliacha nje asitubane. Alikuwa na daftari dogo la masijala. Alisimama mbali kidogo mpaka nilipotoka chini ya lori.

"Shemeji, nikupotezee dakika moja," akasema. "Nataka kuandika kwenye kundi kuhusu ile klipu. Wapo wengi wana gari kama hili, wana wazee majumbani. Sitaki lingine litokee."

"Andika."

"Sasa swali langu ni hili." Akafungua daftari. Alikuwa ameliandika swali lenyewe kwa mwandiko wake wa muhuri na faili, amelipigia mstari. "Kabla haijaachia, kuna dalili? Mtu anaweza kuiona siku moja kabla?"

Vijana wangu walikuwa wanasikiliza. Hakuna aliyekohoa. Aliniangalia usoni akisubiri, kalamu juu ya karatasi, kama ninavyotaka vijana wangu waniangalie na hawaniangalii. Nikachukua tambara, nikafuta mikono.

"Haina dalili," nikamwambia. "Inatokea ghafla. Ni tabia yake."

Akaandika. Kisha akatoa simu, akainakili yote pale akiwa amesimama, na kabla ya kuituma akanisomea nihakiki. Mwishoni alikuwa ameongeza kwamba wote waiamini habari hii, kwa sababu imetoka kwa fundi ambaye ni ndugu yake na hajawahi kumdanganya.